Acha Format All: romu haina IMEI yako wala vipimo vya redio

Ushauri ule ule umetolewa tena, safari hii kwa mtu ambaye simu yake ilikwama tu kwenye nembo: "Chagua Format All + Download (futa vyote, kisha weka mfumo upya), ndiyo flashi safi. Download Only inaacha uchafu." Matokeo yake yanajulikana. Simu inawaka vizuri na Android inafunguka kama imetoka dukani, lakini laini haisomi. Ukipiga *#06# unakuta IMEI, namba inayoitambulisha simu mtandaoni, haipo au si halali. Ukifungua Wi-Fi, kwenye orodha kuna mtandao ambao hakuna jirani anayeumiliki: NVRAM WARNING: Err = 0x10. Hapo ndipo mwenye simu anaanza kutafuta romu (kifurushi cha mfumo wa simu) nyingine, kisha nyingine, akidhani ya kwanza ilikuwa mbovu. Romu haikuwa na kosa.

Nazungumzia simu zenye chipu ya MediaTek na SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuziwekea romu, kwa sababu simu hizo ndizo zimejaa mikononi mwa watu huku kwetu: Tecno, Infinix, baadhi ya itel na Redmi za bei nafuu. Mambo ya draiva nayaruka.

Hoja ya uchafu kwanza. Download Only inaandika juu ya kila patisheni (sehemu ya memori ya simu) uliyoiwekea tiki: preloader (programu ya kwanza kuwaka), lk, boot, dtbo, vbmeta, md1img, super, na userdata kama imo kwenye kifurushi. Ikishaandika, mfumo mpya hausomi chochote cha zamani humo. Kirusi kilichojificha kwenye system kimeondoka pamoja na super ya zamani, maana system imo ndani yake. Sasa Format All inaongeza nini juu ya hapo? Inafuta patisheni ambazo Download Only haizigusi. Hizo ni nvram, nvdata, nvcfg, protect1, protect2, persist na proinfo, pamoja na vitu vidogo kama misc, para na metadata. Toa hivyo vidogo, utaona kwamba "uchafu" unaosafishwa ni utambulisho wa simu yenyewe.

Usiniamini mimi, fungua faili la skata (scatter, orodha ya patisheni inayokuja na romu) kwa Notepad utafute nvram. Kwenye simu yenye chipu ya MT6765 utakuta kitu cha namna hii:

partition_name: nvram
file_name: NONE
is_download: false
partition_size: 0x4000000
region: EMMC_USER
operation_type: BINREGION

Soma mstari wa pili na wa tatu. Hakuna faili, na haishushwi. Sehemu ina ukubwa wa MB 64 na kifurushi cha romu hakina hata baiti moja ya kuiwekea. Haiwezi kuwa nayo, maana kilichomo humo kiliandikwa kiwandani kwa simu hiyo moja peke yake. Ukiifuta, hakuna romu duniani itakayokurudishia.

Kuna anayejibu: "Mimi nimefanya Format mara nyingi na IMEI ipo." Inawezekana kabisa, na sababu yake ni hii. Nakala inayotumika kila siku iko nvdata, ambayo ni patisheni ya ext4. Ndani yake kuna folda md/NVRAM/NVD_IMEI, na faili la IMEI huitwa LD0B_001 au MP0B_001 kutegemea umri wa chipu. Patisheni ya nvram ni akiba ghafi ya hayo hayo. Simu ikiwaka na kukuta nvdata ni tupu, huduma ya NVRAM inajaribu kuijaza kutoka kwenye akiba. Kwa hiyo aliyefuta nvdata peke yake mara nyingi ananusurika, hata haoni kilichotokea. Vilevile aliyechagua Firmware Upgrade, hali ya tatu ya SP Flash Tool, anaweza kunusurika, kwa sababu hali hiyo inanakili kwanza sehemu zinazolindwa, inafuta, kisha inazirudisha. Ni nzuri inapofanikiwa. Ila waya ukilegea katikati ya zoezi hilo, nakala iko kwenye kompyuta katikati ya kazi isiyokamilika na simu iko tupu. Kwa hiyo siitumii kama kinga. Kinga ni nakala uliyoitoa mwenyewe na kuikagua.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi zaidi ya Format yenyewe, yaani jibu la "IMEI ikipotea unaandika upya, biashara imeisha". Haijaisha. IMEI ni tarakimu 15 tu: nane za mwanzo ni TAC inayotambulisha aina ya simu, sita ni namba ya simu hiyo, na ya mwisho ni ya uhakiki. Imechapishwa kwenye boksi, kwa hiyo kati ya vyote vilivyofutwa ndiyo rahisi kuliko vyote kuijua.

Ambacho hakijachapishwa popote ni vipimo vya redio. Hakuna bodi mbili zinazofanana kabisa. Kristali ya saa ya bodi moja inayumba kidogo tofauti na ya jirani yake, na kikuza nguvu cha mawimbi kwenye bendi fulani kinatoa zaidi au pungufu kidogo kuliko kinavyopaswa. Kiwandani kila bodi inaunganishwa na mashine ya kupimia, inapimwa bendi kwa bendi, na tofauti zake zinaandikwa kwenye folda ya CALIBRAT iliyo ndani ya nvdata. Modemu, sehemu ya simu inayowasiliana na mnara, inazisoma kila inapowaka ili ijue irekebishe masafa kiasi gani na itume kwa nguvu gani. Zikikosekana, modemu inatumia thamani za jumla.

Simu ya namna hiyo ndiyo inayowasumbua watu bila wao kujua chanzo. Inaonyesha mistari mitatu ya mtandao lakini simu inakatika. Mjini karibu na mnara inafanya kazi, ikifika kijijini inahangaika wakati simu nyingine ya aina ile ile inashika 4G. Inapata joto na betri inashuka, kwa sababu redio inahangaika kutuma. Mwenye simu anabadilisha antena, anabadilisha bodi ndogo ya chini, anabadilisha laini. Fundi aliyeandika IMEI alishalipwa na kuondoka.

Dawa nyingine inayopendekezwa ni kuchukua nvram ya simu nyingine ya aina hiyo hiyo na kuipandikiza. Nitakuwa mkweli: mara nyingi mtandao unarudi, na kwa mtu anayekaa karibu na mnara tofauti inaweza isionekane kabisa. Siwezi kumwambia mtu kwamba haifanyi kazi wakati ameona inafanya. Lakini umeweka vipimo vya bodi nyingine, na umeweka IMEI ya mtu mwingine, hivyo sasa mtandaoni kuna simu mbili zenye namba moja. Tanzania, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ilizima simu zenye IMEI zisizo halali mwezi Juni 2016, na kubadili IMEI ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwenye baadhi ya Redmi zenye chipu ya MediaTek haufiki hata huko: simu inagoma kuwaka na kuandika NV data is corrupted.

Pamoja na IMEI na vipimo, kwenye APCFG/APRDEB kulikuwa na anwani ya MAC ya Wi-Fi na ya Bluetooth. Persist ilibeba vipimo vya sensa, na mara nyingi funguo za DRM (ulinzi wa video za kulipia), kwa hiyo usishangae video za kulipia zikigoma kucheza kwa ubora wa juu.

Kwa nini imani hii haifi? Nadhani chombo chenyewe kinachangia. Ukijaribu Download Only na romu isiyolingana, unaweza kupata ujumbe unaoanza na PMT changed for the ROM, na watu wanausoma kama amri ya kuformati. Ujumbe huo unasema mpangilio wa patisheni kwenye romu si ule ulio kwenye simu. Swali la kwanza ni kwa nini hailingani. Huenda umeshusha romu ya toleo la GB 64 na simu ni ya GB 32. Huenda jina la biashara ni lile lile lakini bodi ni nyingine. Huenda simu iko Android 9 yenye system na vendor zilizotengana, na romu ni ya Android 10 yenye super. Katika hali mbili za kwanza, kuformati ni kuharibu simu ili iikubali romu isiyo yake. Linganisha namba kamili ya toleo, ile ndefu iliyoko kwenye Mipangilio chini ya taarifa za simu, si jina lililoandikwa mgongoni. Na ukipata S_FT_ENABLE_DRAM_FAIL (4032), usiendelee kubahatisha: mara nyingi preloader uliyonayo haina mipangilio ya memori iliyo kwenye bodi hiyo, au betri iko chini mno.

Sasa nakala. Kama skata ni ya simu hiyo hasa, nenda tabu ya Readback, bonyeza Add, bonyeza mara mbili mstari uliotokea, ita faili nvram.bin. Start Address ni linear_start_addr ya nvram, Length ni partition_size, na Region iwe ile iliyoandikwa kwenye skata: EMMC_USER kwa simu yenye memori ya eMMC, UFS_LU2 kwa yenye memori ya UFS. Ongeza mistari mingine kwa nvdata, nvcfg, protect1, protect2, persist na proinfo. Bonyeza Read Back, kisha chomeka simu ikiwa imezimwa. Vyote kwa pamoja kwa kawaida havifiki MB 300, dakika chache tu.

Kama unatumia mtkclient, programu nyingine ya kompyuta ya kusoma na kuandika simu za MediaTek, ni rahisi zaidi, kwa sababu inasoma jedwali la patisheni kutoka kwenye simu yenyewe na hutegemei anwani za skata:

python mtk.py rl nakala --skip userdata

Hiyo inasoma kila kitu isipokuwa data ya mtumiaji na kuweka kwenye folda ya nakala. Chipu kama MT6781 na MT6789, yaani Helio G96 na G99, zimezibwa tundu la zamani la usalama kwenye boot ROM (programu ya kuanzia iliyo ndani ya chipu), kwa hiyo zinahitaji loda (faili la kuanzishia mawasiliano) inayokubalika. Simu yenye ruti haihitaji chochote kati ya hivyo. Amri ya dd kutoka /dev/block/by-name/nvram inatosha.

Kisha kagua. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na bila hiyo hujui kama una nakala. Fungua nvdata.bin kwa HxD, programu ya kuonyesha baiti za faili, uende ofseti (nafasi) 0x438. Baiti mbili hapo ziwe 53 EF, alama ya ext4. Ukikuta kitu kingine, anwani zako ni za simu nyingine na umesoma sehemu isiyo yake. Nvram.bin haina alama rahisi kama hiyo, lakini ikiwa ni 00 au FF kuanzia mwanzo hadi mwisho, hujanakili kitu. Kuirudisha ni mtk.py w nvram nvram.bin, au kwenye SP Flash Tool bonyeza Ctrl+Alt+V, kisha tabu ya Write Memory itapatikana kwenye menyu ya Window. Rudisha kwenye bodi ile ile tu.

Simu iliyokwama kwenye nembo baada ya Download Only, tatizo la kawaida ni userdata ya zamani chini ya mfumo mpya. Ingia rikavari (menyu ya matengenezo ya simu) ufute data. Hiyo inashughulikia userdata na metadata, na ndiyo "usafi" pekee uliokuwa unahitajika.

Format All ina mahali pake. Jedwali la patisheni (GPT) likiharibika, chipu ya eMMC ikibadilishwa, au unapohamia kwa makusudi mpangilio mpya wa patisheni na romu ni sahihi, huna njia nyingine. Ila hata hapo nakala inatangulia, na kwenye kubadilisha eMMC unaisoma chipu ya zamani kabla haijafa kabisa. Preloader ikifutika usiogope sana: boot ROM imo ndani ya kichakataji na haifutiki, kompyuta itaiona kama kifaa cha USB chenye namba 0E8D:0003.

Simu zenye chipu za Unisoc nazo zina mambo yao, prodnv na l_fixnv1, na Qualcomm zina modemst1, modemst2 na fsg. Kanuni haibadiliki, ila usichukue hatua za hapa ukazipeleka huko.

Kama umeshafuta na huna nakala, usiendelee kuflashi, kila jaribio linaweza kuandika juu ya kilichobaki. Angalia kwanza kama ni nvdata tu iliyoondoka: soma nvram, na kama ina data, futa nvdata peke yake uwashe simu uone kama itajijaza. Tafuta kwenye kompyuta ya aliyeflashi, maana Firmware Upgrade iliyokatika au nakala ya zamani ya TWRP (rikavari isiyo ya kiwandani) inaweza kuwa bado ipo. Vikikosekana vyote, chukua boksi lenye IMEI na risiti uende kituo cha huduma cha mtengenezaji, uwaulize waziwazi kama wana uwezo wa kupima redio upya au wanaandika namba tu. Kwa Tanzania, tuma IMEI iliyo kwenye boksi kwenda 15090 kabla ya kulipa, ujue namba hiyo inatambulika kama aina ya simu uliyonayo mkononi.