Elimu ya jumla katika chuo kikuu: maana yake, na nini hufanyika inapopitiwa upya

Elimu ya jumla ni ile sehemu ya masomo ya shahada ya kwanza ambayo chuo humtaka kila mwanafunzi aipitie, awe anasomea uhasibu, biolojia au muziki, kwa sababu chuo kimeamua kwamba yapo mambo ambayo mhitimu wake yeyote hapaswi kuyakosa. Hapa Kigoma nimeulizwa juu yake mara kadhaa, hasa na wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani au vya Afrika vinavyofuata mfumo huo, na swali lao huwa lile lile: mtoto amekwenda kusomea kompyuta, falsafa inamhusu nini? Ni swali la haki kabisa, na ndilo ambalo vyuo vyenyewe hulikabili kila vinapokaa kuupitia upya mtaala wa elimu hiyo.

Mfumo huo hujulikana zaidi katika vyuo vinavyoitwa vya sanaa huria (kwa Kiingereza liberal arts), na jina hilo linahitaji maelezo, kwa kuwa maneno yake yote mawili humpoteza msomaji wa Tanzania. Kwetu neno sanaa humkumbusha mtu tahasusi za kidato cha tano na cha sita za historia na lugha, kama HGL na HKL, kinyume na PCB na PCM za wanasayansi, ilhali sanaa saba zilizofundishwa Ulaya katika zama za kati zilikuwa sarufi, balagha (yaani ufundi wa kusema kwa ufasaha), mantiki, hesabu, jiometri, muziki na falaki. Kwa hiyo hesabu na elimu ya nyota zimo ndani ya sanaa huria tangu mwanzo. Neno huria nalo hutupeleka moja kwa moja kwenye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako maana yake ni milango iliyo wazi kwa anayesoma akiwa mbali. Katika sanaa huria, neno hilo ni tafsiri ya neno la Kilatini lililohusu elimu inayomfaa mtu aliye huru, asiye mtumwa. Sisi tunaoishi jirani na Ujiji, mji ambao misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipitia ikielekea Tabora na hatimaye Bagamoyo, hatuwezi kuisoma tofauti hiyo kama jambo la kitabuni tu. Elimu iliyokusudiwa wachache waliokuwa huru haina budi kuwa ya kila mtu mahali ambapo watu wote wako huru, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuitetea elimu ya jumla.

Dhana yenyewe si ngeni kwetu. Waliosoma kidato cha tano na cha sita wanalikumbuka somo la General Studies, na waliopita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaikumbuka DS, yaani Taaluma za Maendeleo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 palikuwa na mjadala mkali juu ya kazi ya chuo kikuu katika nchi iliyotaka kujenga ujamaa, na mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi ya kufundisha taaluma hizo. Hoja ilikuwa kwamba mhandisi au daktari aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima anapaswa kuielewa jamii anayokwenda kuitumikia, na hoja hiyo ni ya elimu ya jumla hasa. Tofauti iko katika kiasi: kwetu mzigo huo hubebwa na kozi chache, pengine pamoja na Stadi za Mawasiliano, lakini katika chuo cha Marekani aghalabu huchukua karibu theluthi ya shahada nzima. Hapo mzazi asichanganye hesabu. Shahada ya huko kwa kawaida ni krediti 120 kwa miaka minne, na yetu ya miaka mitatu ni krediti 360, lakini krediti moja ya hapa huhesabiwa kwa saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, na ya huko ni kubwa zaidi, kwa hiyo namba hizo mbili hazilinganishwi zilivyo.

Mwanafunzi hupitishwa katika elimu hiyo kwa njia ambazo zimebadilika sana. Charles William Eliot, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, alipanua uhuru wa kuchagua kozi hadi masomo ya lazima yakabaki machache sana. Wengine waliona kwamba wahitimu wanatoka wakiwa hawana hata jambo moja wanaloweza kulijadili pamoja, na mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia kikaanzisha kozi ya lazima juu ya ustaarabu wa zama hizi, iliyotokana na somo lililoeleza sababu za Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Brown kilikwenda upande wa pili na kuyaondoa masharti hayo ya pamoja, mwanafunzi akaachiwa ajipangie. Kati ya ncha hizo mbili ndipo vilipo vyuo vingi, ambavyo huyagawa maarifa katika mafungu kama sayansi, historia na lugha, na kumtaka mwanafunzi achague kozi moja au mbili katika kila fungu. Harvard yenyewe ilitoa ripoti maarufu ya elimu ya jumla mwaka 1945, ikaweka mpango mwingine mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaupigia kura ya kuubadilisha mwaka 2007, kisha ikaanza na uliorekebishwa tena mwaka 2019.

Siyachukulii mabadiliko hayo kuwa dalili ya kuyumba, kwa sababu kila kizazi kina mambo yake ambayo raia aliyesoma hawezi kukwepa kuyajua. Ugumu hasa umo katika kazi yenyewe ya marekebisho. Kamati huundwa, wakuu wa idara huitwa, na kila mmoja hueleza kwa nini somo lake haliwezi kukosekana. Yote wasemayo huwa ya kweli, kwani ni nani atakayethubutu kusema kwamba mhitimu anaweza kuishi bila takwimu, bila maadili au bila kujua kuandika? Lakini kozi ikiwa ya lazima, idara inayoifundisha huhakikishiwa wanafunzi kila muhula, na wanafunzi ndio wanaohalalisha nafasi za wahadhiri, kwa hiyo mjadala wa hekima huwa pia mjadala wa ajira za watu. Matokeo yake huwa rahisi kuyatabiri: kozi mpya huongezwa na za zamani hubaki, mpaka orodha inakuwa ndefu kiasi kwamba mwanafunzi huiona kama tozo anayoilipa ili aruhusiwe kuingia kwenye fani yake. Kozi hizo zikiachiwa wahadhiri wachanga peke yao, huku maprofesa wakibaki na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi hupata ujumbe huo huo bila kuambiwa kwa maneno.

Njia ninayoiona bora ni kuipanga elimu ya jumla kwa kufuata maswali badala ya mafungu ya idara, na mfano wake uko mbele yetu, ziwani. Mwaka 2024 uvuvi katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Anayetaka kuuelewa uamuzi huo anahitaji kujua jinsi dagaa na migebuka wanavyozaliana na kukua. Anahitaji fizikia kidogo, kwa sababu maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hayachanganyiki kwa urahisi na maji ya chini yenye virutubisho, katika ziwa ambalo kina chake hufika karibu mita 1,470. Anahitaji takwimu ili apime kama mavuno yanapungua kweli, uchumi wa kaya ambayo haina shamba wala mshahara, na sheria, kwa kuwa ziwa hilo ni la nchi nne na samaki hawatambui mpaka kati yetu na Kongo, Burundi au Zambia. Kisha linabaki swali la haki, ambalo halimo katika maabara yoyote: nani alale njaa leo ili nani ale kesho?

Mwanafunzi aliyechukua kozi moja ya biolojia na moja ya uchumi katika mafungu tofauti anaweza kufaulu zote mbili bila hata siku moja kuzikutanisha. Kozi iliyojengwa juu ya ziwa, ikifundishwa na wahadhiri wawili au watatu kwa pamoja, humlazimisha kuzikutanisha. Ina gharama yake, kwani wahadhiri wengi hawakuzoea kufundisha pamoja, na ikifanywa kwa haraka humwacha mwanafunzi akiwa amegusa kila kitu juu juu. Ndiyo maana kozi chache za namna hiyo, zilizoandaliwa vizuri, zina manufaa kuliko orodha ya kozi kumi na tano.

Kwa upande wa mzazi wa mwanafunzi wa kompyuta, chuo cha Ashesi nchini Ghana, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2002, kinaweza kumsaidia kuona jibu la swali lake. Pale wanafunzi wa kompyuta, uhandisi na biashara husoma kwa pamoja msingi mmoja unaowafundisha kuandika, kufikiri na kupima mambo ya maadili, kwa sababu programu ya kompyuta inayoamua nani apewe mkopo inaamua jambo la watu. Anayetaka kujua elimu ya jumla ya chuo alichochagua mtoto wake ikoje, na aombe orodha ya kozi za lazima, aulize zinafundishwa na nani na mtaala ulipitiwa upya lini mara ya mwisho, kisha aulize siku hiyo kiliondolewa nini.