Usiniulize kama ina tegi, niulize nani anazisoma

Jumamosi, Wandegeya, Kampala, tunasubiri rolex (chapati za mayai, si saa) zigeuzwe. Kijana ninayemfundisha XML (maandishi yanayofungwa kwa tegi kama <kilo>) ananiambia: "Mwalimu, XML si programu, ni data tu. Data haikwami." Wimbo huo nimeusikia mpaka masikio yameota sugu. Na anauimba huku programu yake, iliyoandikwa yote kwa XML, imekwama mapajani mwake.

Kazi yenyewe ni ya wakulima wa kahawa upande wa Masaka. Faili la mapokezi, kila mstari una kilo za kiboko (kahawa kavu isiyokobolewa) na bei ya siku ile. Wanataka jumla ya malipo. Tunatumia XSLT 1.0, ile ya mwaka 1999, lugha ya kubadilisha XML ambayo yenyewe huandikwa kwa XML. Utasema sum() ipo. Ipo, ila hujumlisha namba zilizokwisha kuandikwa. Hapa lazima kwanza uzidishe kilo kwa bei, mstari kwa mstari. Na kigeu cha XSLT, jina linaloshika thamani, hakigeuki: ukishakipa thamani, basi (aliyekiita kigeu alikuwa na utani). Kwa hiyo templeti, yaani kipande cha maagizo chenye jina, inajiita yenyewe: chukua mstari wa kwanza, zidisha, ongeza kwenye jumla uliyokabidhiwa, jiite tena na mistari iliyobaki. Ikiisha, toa jumla.

xsl:choose ndiyo "kama" yenu. xsl:call-template ndiyo wito. Lugha yenye uamuzi na kujiita hukokotoa chochote kinachokokotoleka. Mnataka nini tena ndipo muiite programu, mabano ya mviringo?

Mistari 200 ya majaribio ilipita vizuri. Faili la msimu mzima lilikuwa na zaidi ya 5,000, na xsltproc, kisomaji chetu cha XSLT, ikagoma: inashuku kujiita kusikokoma. Kikomo chake cha kawaida ni ngazi 3,000, kila kujiita ngazi moja. Ilimsingizia kijana, hesabu yake ingefika mwisho. Lakini ingejuaje? Mwanahisabati Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja wa kuamua, kwa kila programu, kama itasimama. Basi wakaweka dari. Nani amewahi kuiwekea orodha ya kilo dari ya kujiita?

Dawa ya haraka ni kuinua dari kwa --maxdepth. Dawa ya heshima ni kugawa mistari nusu kwa nusu, kila nusu ijumlishwe peke yake. 5,000 inakuwa ngazi 13 hivi.

Kijana huyohuyo akafungua faili jingine la XML, la libvirt, chombo cha kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta): <memory unit='MiB'>2048</memory>, <vcpu>2</vcpu>, diski, kadi ya mtandao. "Hii sasa ndiyo programu, inazaa kompyuta nzima!" La, bwana. Hiyo ni sifa ya kitu, kama tangazo la nyumba ya kupanga. Amri ya libvirt, virsh define, inaiandika daftarini tu. Mashine haiwaki mpaka virsh start. virsh create inawasha papo hapo, lakini ukiizima, na maelezo yake yamekwenda. Nilijifunza hivyo usiku, peke yangu, bila nakala.

Mashine pepe nazo ni za aina mbili, msizichanganye. Ya libvirt hujifanya vyuma. Ya lugha ya Java ni maagizo yaliyokubaliwa kwenye waraka: agizo hili hubadilisha hiki, lile hubadilisha kile, na kila faili la klasi (programu ya Java iliyokwisha kutafsiriwa) huanza na baiti zinazosomeka CAFEBABE. Kwa kipimo hicho hata kisomaji cha XSLT ni mashine pepe, tegi ndizo maagizo yake.

Kipimo changu cha programu ni nini kinavuja, nakiri. Libvirt ikisoma <vcpu>2</vcpu> inafanya kazi kweli, hatua kwa hatua. Kwa nini hilo lisiwe agizo? Najitetea kwamba faili lenyewe haliamui wala halirudii lolote. Kuna siku utetezi huo unanitosha, kuna siku hata mimi haunishawishi.

Rolex zikaja. Kijana akagawa nusu kwa nusu, mkono mmoja ukitafuna. Akaendesha. Lalamiko lilelile: kujiita kusikokoma. Akanitazama kwa ushindi, eti mashine imesingizia tena. Nikamwonyesha: hakuandika kitu cha kufanya mstari ukibaki mmoja. Nusu ya mmoja kwake ni sifuri, na nusu ya pili ni uleule mmoja, milele. Safari hii mashine ilisema kweli.