Ukianguka nyumbani saa za kazi, nani atajua?

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa idara ya dharura, tunawauliza waliomleta: mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima ilikuwa saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na dakika 30 tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan kuthibitisha kwamba si mshipa uliopasuka. Wakijibu, "Tulimkuta hivi tuliporudi jioni," tunalazimika kuhesabu tangu asubuhi walipoagana naye, na muda wa dawa hiyo unakuwa umeshapita.

Anayeanguka ofisini huonwa na mwenzake wa meza ya pili. Anayefanyia kazi nyumbani, awe anaandika ripoti, anashona nguo au anaoka keki za oda, anaweza kushinda peke yake tangu watoto waende shule hadi jioni. Kwa hiyo kabla hujanunua sanduku la huduma ya kwanza, tafuta mtu wa kukujulia hali.

Mkubaliane saa maalumu kila siku ya kazi, kwa mfano saa nne asubuhi na saa nane mchana, umtumie ujumbe mfupi. Nusu saa ikipita kimya, akupigie. Usipopokea, ampigie jirani. Hapa mipango mingi hukwama, kwa sababu mwajiri na wenzako wana namba yako peke yake, na simu yenyewe inaita mezani wewe ukiwa sakafuni. Wape namba ya jirani au ya mjumbe wa shina. Jirani naye umwambie mapema, asije akadhani anapigiwa na matapeli.

Kisha uangalie mlango wako. Nyumba zetu za mjini zina grili madirishani na geti la chuma mlangoni, na ukibaki peke yako unafunga kufuli kwa ndani. Siwalaumu wanaofanya hivyo, wezi wapo. Lakini kufuli hilo hilo linamzuia anayekuja kukuokoa, na dakika za kumtafuta fundi wa kulikata zinatoka kwenye zile saa 4 na nusu. Mchana funga kwa kitasa kinachofunguka pande zote mbili. Komeo na kufuli viachie usiku. Ufunguo wa akiba akae nao jirani unayemwamini, na leo hii aje aujaribu wewe ukiwa umejifungia ndani. Vitasa vingi havifunguki kwa nje ikiwa ufunguo wako umebaki umechomekwa kwa ndani, na jambo hilo ni bora mligundue mkiwa wazima.

Tanzania, namba 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na 112 ni ya polisi. Namba 115 inatumiwa na mfumo wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Mjamzito anayefanyia kazi nyumbani aihifadhi kwenye simu. Kwa dharura nyingine usitegemee kwamba gari la wagonjwa litafika haraka. Uwe na namba za madereva wawili wa teksi au bajaji wanaoijua nyumba yako, na nauli taslimu mahali jirani anapopajua, kwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu unaijua wewe tu. Bodaboda haimfai mtu aliyepooza upande mmoja.

Andika pia namba ya nyumba na jina la mtaa ulivyopewa kwenye Anwani za Makazi mwaka 2022, ubandike karibu na mlango. Mtaani wanakujua kama Mama Fulani, lakini dereva mgeni anahitaji anwani na alama ya karibu, kama msikiti, shule au duka la dawa.

Yapo mambo ya kujifanyia mwenyewe. Mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakivurugika ghafla, usijilaze ukisubiri yaishe. Piga simu papo hapo, fungua mlango kama unaweza, na usile wala usinywe chochote.

Ukipaliwa na chakula na bado unaweza kukohoa, endelea kukohoa kwa nguvu. Hewa ikikatika kabisa, kunja ngumi, iweke juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili na ujisukume kwa kasi kuelekea ndani na juu. Nguvu zikikosekana, lalia ukingo wa juu wa kiti imara kwa sehemu hiyo hiyo ya tumbo na ujikandamize mara kadhaa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini yuko hatarini zaidi siku kazi inapomnogea akasahau mlo. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba sukari inashuka. Ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo kinachosoma mmol/L, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, urudie kama haijapanda, kisha ule chakula. Kipimo na sukari viwe juu ya meza unayofanyia kazi, si kabatini jikoni, maana wakati huo hata kusimama kunaweza kukushinda.