Kukopi na kupesti si kutumia tena msimbo

Vijana wanaotengeneza mifumo huku kwetu Iringa na Mafinga hupenda kusema, "Hicho kipande nimekitumia tena tu." Fungua mafaili yao: fanksheni ileile (kipande cha msimbo, yaani maelekezo ya programu, kinachofanya kazi moja) imepestiwa kwenye kila ukurasa. Hapo kilichofanyika ni kunakili.

Kutumia tena ni kuandika kipande mara moja, kukiweka kwenye faili lake, na kila ukurasa unaokihitaji ukakiita. Kwenye lugha ya programu ya PHP amri yake ni require, kwenye JavaScript ni import. Basi.

Ubishi unakuja kwa sababu siku ya kwanza tofauti haionekani. Mfumo unafanya kazi vilevile. Chukua mfumo wa muuza mbao. Mbao moja ya inchi mbili kwa nne, futi 12, ina mita za ujazo 0.01888 hivi. Ukurasa wa mauzo unakokotoa ujazo huo, wa stoo unakokotoa, wa ripoti nao unakokotoa. Tajiri anataka ankara iishie desimali tatu, kijana anarekebisha kwenye mauzo peke yake, kila mbao inakuwa 0.019. Zikiuzwa mbao 1,000, ankara inasema mita 19 kamili, stoo inasema 18.88. Kila ukurasa umefuata hesabu yake, ila mtunza stoo ndiye anayeanza kuulizwa mbao zimekwenda wapi. Hapo hata mtaalamu atapekua kurasa zote, maana hakuna faili moja la kulifungua.

Wala si mambo ya juzi. Kwenye kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, David Wheeler alibuni njia ya programu kurukia kipande kimoja cha maelekezo, kisha kurudi pale ilipotoka. Kipande kimoja, waitaji wengi.

(PHP ina pia include, nayo huita faili, lakini si sawa na require. Faili likikosekana, include inatoa onyo na ukurasa unaendelea, require inausimamisha. Menyu ipe include ukitaka. Fanksheni ya hesabu, hapana.)

Kunakili si dhambi, hasa unapojaribu jambo. Ila ukiambiwa "nimetumia tena", uliza: nikibadilisha hapa, kule kutabadilika? Mtu akijibu "ngoja na kule nikarekebishe", mwambie taratibu kwamba amenakili. Aihamishie fanksheni kwenye ujazo.php, kurasa zote tatu ziiite kutoka humo, kisha afute nakala. Ni kazi ya jioni moja.