Acheni Kudai Muziki wa Filamu ya Vichekesho Uchekeshe

Ombi la watengenezaji wa filamu kwangu mimi mtunzi wa muziki ni lilelile kila mara: "Ni komedi, kwa hiyo tupe muziki wa kuchekesha." Wanataka fagoti (zumari kubwa ya sauti nene) inayochechemea, violini zinazodonolewa kwa vidole, tromboni inayolia pale mtu anapoteleza. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi naandika hapa. Muziki wa namna hiyo unamkonyeza mtazamaji kabla mzaha haujafika, na mzaha uliokwisha kutangazwa hauna kazi tena.

Chukueni Airplane! ya 1980. Aliyeiandikia muziki ni Elmer Bernstein, yuleyule wa The Ten Commandments na The Magnificent Seven. Mwanzoni mkia wa ndege unapasua mawingu kwa nota mbili za papa wa Jaws, na huo ni utani wa wazi. Lakini wapenzi wale wawili wakikutana, nyuzi za okestra zinapanda kwa fahari na huzuni kana kwamba ukumbini hakuna anayecheka. Filamu yenyewe imejengwa juu ya Zero Hour! ya 1957, drama ya ndege ambayo marubani wake wamekula chakula kibovu, na maneno yake mengi yamechukuliwa karibu yalivyo. Leslie Nielsen, Robert Stack na Lloyd Bridges walijulikana kwa drama, nao wanacheza bila hata dalili ya tabasamu. Muziki ni mwigizaji mwenzao: nao hautabasamu. Hata ndege yenyewe ni ya jeti ilhali mlio wake ni wa mapangaboi, kama kwenye filamu za zamani. Miaka miwili kabla yake, mwongozaji John Landis alikuwa ameshamwomba Bernstein aandike muziki wa komedi ya Animal House kana kwamba ni drama.

Chaplin alilijua hili mapema zaidi. Kwa City Lights (1931) na Modern Times (1936) alitaka muziki mtanashati, wa kimahaba, ili yule mzururaji mwenye suruali pana awekwe ndani ya kitu chenye hadhi. Hakujua kuandika nota. Aliimba na kugusagusa piano, wengine wakaandika. Mmoja wao, David Raksin, kijana wa miaka 23, alibishana naye wakati wa Modern Times hadi akafukuzwa, kisha akarudishwa. Wimbo wa mapenzi wa filamu hiyo ulitiwa maneno mwaka 1954 ukawa "Smile". Ni wimbo wa kutoa machozi, na uko ndani ya filamu ya mtu anayemezwa na mashine.

Hapo ndipo hunijia na hoja yao: City Lights si ina sauti za kuchekesha? Inazo, na tazameni zimewekwa wapi. Waheshimiwa wanaozindua sanamu wanatoa mkwaruzo badala ya maneno. Mzururaji anameza filimbi, na kila kwikwi yake inamvurugia mwimbaji. Mlio huo unatoka kwenye koo la mtu aliye ndani ya picha. Hata kama studioni ulipigwa na mwanamuziki, sikio linamkabidhi mhusika. Ukiuhamishia kwenye okestra, umefanya jambo tofauti kabisa: sasa ni mtunzi anayemcheka mhusika, na mtazamaji anaacha kumhurumia. Bila huruma hiyo, mwisho wa City Lights hausimami. Tofauti hii ni ndogo kwenye karatasi, nayo ndiyo watu wanaipuuza kila siku.

Sasa hesabu ya kulinganisha muziki na picha. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Gawanya 1440 kwa idadi ya fremu za pigo moja, utapata mapigo kwa dakika: fremu 12 ni 120. Tuseme mtu anakalia kiti kisichokuwepo kwenye sekunde ya 10.5. Kwa mwendo wa 120, tukihesabu nne nne, hilo ni pigo la pili la kipimo (kundi la mapigo manne) cha 6. Anayetaka liangukie pigo la kwanza hupunguza mwendo hadi fremu 12 na 5/8, yaani takriban 114, na anachelewa nusu fremu tu. Hesabu ni safi, ila umemwahi mtazamaji pale alipotakiwa kugundua mwenyewe. Mimi huacha anguko litokee kwenye pigo la pili, katikati ya sentensi ya muziki, na sentensi iendelee bila kujali. Sekunde mbili tatu zinazofuata usilete wimbo mpya, maana kicheko kitaumeza. Shikilia nota ndefu kwenye selo na besi.

Uzito huo wa muziki unahitaji wapigaji wengi. Mimi huanzia violini 8 za kwanza, 6 za pili, viola 4, selo 4, besi 2. Ukiweka violini mbili, sikio linasikia watu wawili wakijitahidi, na fahari inageuka kejeli. Chini ya mazungumzo ondoa klarineti iliyo kwenye kimo kilekile cha sauti ya mwigizaji.

Mashaka ninayo. Saksafoni ya Plas Johnson katika The Pink Panther ya Henry Mancini (1963) inanyata na kukonyeza waziwazi, nayo inafaa kabisa. Sina maelezo yanayonitosheleza. Katuni angalau naielewa: Carl Stalling, mtunzi wa muziki wa katuni, alifuata kila hatua ya mhusika kwa sababu mwili uliochorwa hauna uzito, na ala ndizo zinazoupa uzito huo.

Shaka kubwa zaidi ni hii: uzito wa Bernstein unamtegemea mtazamaji aliyezoea drama za aina ile. Aliyekulia na tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anaweza kusikia muziki wa kizamani tu. Kwa hiyo ukitengeneza komedi ya watu wa Dar au Mombasa, uzito uazime kwenye tamthilia hizo: piano ya peke yake, nyuzi zikiingia nyuma yake, mwendo wa polepole uleule, hata kama kwenye picha mtu amekwama kichwa ndani ya ndoo.