"Nani Ahangaike na Tovuti Yangu?" na Dhana Nyingine Zinazoponza Biashara za Moshi

Swali hilo nalisikia mara kwa mara hapa Moshi, kwa wenye ofisi ndogo za kupandisha wageni mlimani. "Mimi napata wageni thelathini kwa mwaka, nani ahangaike kunidukua?" Kweli, hakuna anayehangaika. Mdukuzi hakai akakuchagua wewe kati ya wengi. Ana programu inayozunguka usiku na mchana ikijaribu kila mlango wa intaneti, na ikikuta uliolegea, mfano programu isiyosasishwa miaka miwili, inaingia. Kisha mtu anayetafuta bei ya njia ya Machame anajikuta kwenye ukurasa wa kamari. Google ikigundua, inaweka onyo jekundu mbele ya tovuti yako. Mgeni aliyeko Ujerumani hapigi simu kuuliza kulikoni. Anakwenda kwa mwingine.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: "Kampuni inayotunza tovuti yangu ina nakala." Huenda inazo. Lakini tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, za OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na hiyo ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo barani Ulaya. Wapo wateja waliopoteza kila kitu, wengine wakiwa wamelipia nakala rudufu, kumbe nakala zenyewe zilikuwa palepale penye moto.

Mafundi wana kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa ofisi ya Moshi, ya kwanza ni tovuti yenyewe, ya pili diski ya nje, ya tatu hifadhi ya mtandaoni isiyohusiana na kampuni inayokutunzia tovuti. Flashi inayokaa begi moja na laptopu siihesabu, kwa sababu mwizi wa begi hachambui. Diski iliyochomekwa saa zote nayo ni hatari, maana virusi vinavyofunga mafaili ili ulipe fidia vitafunga na yaliyomo humo.

Hata ukiwa na zote tatu, kuna jambo wengi hawalifanyi. Mama mmoja aliniletea diski yake akiwa na amani kabisa: "Mwanangu, nakala ninayo, nirudishie tu." Tulikuta picha zote za kilele cha Uhuru, nzuri mno. Hifadhidata, yaani mahali yanapokaa maandishi, bei na oda za wageni, haikuwemo. Alikuwa amenakili miaka mitatu bila kujaribu kurudisha hata mara moja. Tulikaa naye siku nne tukiokota oda kutoka WhatsApp na barua pepe, na nyingine hatukuzipata. Tangu hapo nawaomba wateja wangu wote: Aprili, masika yakishika na wageni wamepungua, rudisha nakala yako kwenye tovuti ya majaribio uone kama inasimama.

Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti haisemi kwamba tovuti ni salama. Inasema tu kwamba mawasiliano kati ya msomaji na seva yamefichwa, na tapeli naye anaipata bure. Kwa sababu watu waliielewa vibaya, Chrome iliiondoa mwaka 2023.

"Jina la tovuti ni langu, nimelilipia." Muulize kijana aliyekutengenezea kwamba alilisajili kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi ni yake. Akihamia Dar na kubadili namba, taarifa ya kulipia upya inamfikia yeye, na siku muda ukiisha jina linaweza kuchukuliwa na mwingine. Lihamishie kwako, kwenye barua pepe yenye nenosiri lisilotumika kwingine na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo unaoombwa baada ya nenosiri. Misimbo itoke kwenye programu ya simu badala ya SMS, kwa sababu laini huweza kuhamishwa na matapeli.

Na wale wasemao "sina siri yoyote": pasipoti za wageni, je? Fomu za afya wanazojaza kabla ya kupanda? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uzilinde. Fungua barua pepe ya ofisi leo, tafuta neno "passport", uhesabu ni pasipoti ngapi za watu walioshuka mlimani zamani bado zimelala humo.