"Iache Iishe Kabisa Ndipo Uichaji": Ushauri Unaoharibu Betri za Magari ya Umeme

Mwezi uliopita mwalimu mstaafu mmoja wa Kizingo, hapa Mombasa, aliniletea gari lake hapa karakana, gari la umeme aina ya Nissan Leaf lenye betri ya kilowati-saa 40 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba) ambalo yeye na mkewe walilinunua ili kuwapeleka wajukuu shule na kwenda sokoni. Alizungumza kwa fahari ya mtu anayeijali mali yake: "Fundi, mimi siichaji ovyo. Naiacha iishe, ibaki asilimia mbili au moja, ndipo naichomeka usiku kucha mpaka ijae. Mwanangu alinionya kwamba ukiichaji kabla haijaisha inazoea, halafu haikai tena na chaji." Nilipowasha dashibodi, alama ya kwanza kati ya zile alama 12 za geji ya uwezo ilikuwa imezimika, na alama hiyo huzimika betri inapokuwa imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo iliotoka nao kiwandani. Sehemu ya upungufu huo Mwalimu aliununua pamoja na gari, kwa kuwa lilikuwa limetumika Japani kwa miaka kadhaa; lakini siku lilipotoka bandarini nililipima mwenyewe, na alama zote 12 zilikuwa zinawaka.

Kauli ya mwanawe nimeisikia kwa madereva wa teksi, kwa madaktari, kwa mhasibu mmoja wa Nyali na hata kwa muuzaji wa magari ambaye alipaswa kujua zaidi. Nimechoka kuisikia, kwa sababu kati ya makosa yote ambayo familia hufanya na gari jipya la umeme, hili ndilo linalofanywa kwa nia njema kabisa, kila siku, na ndilo linalogharimu fedha nyingi kuliko mengine yote.

Ushauri wenyewe haukutoka hewani. Betri za nikeli na kadimiamu, zile zilizokuwa ndani ya redio za mkononi, drili zisizo na waya na simu za mwanzo, kweli zilikuwa na tabia hiyo: ukizoea kuzichaji zikiwa nusu, baada ya muda zilianza kulegea zinapofika palepale ulipozoea kuzichomeka. Mwenye betri hizo alifanya vyema kuziacha ziishe. Gari la umeme, hata hivyo, linatumia betri ya lithiamu, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na betri hiyo haina tabia ya kuzoea. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado tunazitunza betri za leo kwa kanuni za betri ambazo hatunazo tena.

Watu wengi huamini pia kwamba kila mara unapochomeka plagi unapunguza siku za betri, ndiyo maana wanachelewesha. Sivyo. Umri wa betri huhesabiwa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, si idadi ya mara ulizochaji. Ukitumia asilimia 20 na kuirudisha kwa siku tano mfululizo, umetumia mzunguko mmoja, sawasawa na aliyeimaliza yote kwa siku moja; tofauti ni kwamba betri yako imechoka kidogo na ya mwenzako imechoka sana. Grafiti, ile kaboni inayohifadhi lithiamu ndani ya seli (betri ndogo ndogo zinazounda betri kubwa), hutanuka inapopokea lithiamu na kusinyaa inapoitoa, kiasi cha asilimia 10 hivi kutoka tupu hadi kujaa. Kuipeleka mwisho wa safari hiyo, huku na huku, kila siku, ni sawa na kuukunja waya mahali pamoja mpaka upasuke.

Upande wa kujaa nao una madhara yake, na kwa sisi wa Mombasa ndio mbaya zaidi. Seli inapokuwa imejaa pomoni, majimaji yaliyo kati ya pande zake mbili huanza kumenyuka na pande zote, na kila mmenyuko hula lithiamu kidogo ambayo hairudi. Hali hiyo huendelea hata gari likiwa limeegeshwa, na joto huiharakisha. Betri ya Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina feni wala maji ya kuipoza. Hutegemea upepo unaopita chini ya gari linapotembea. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, walianza kuona alama zao zikizimika mapema kwa sababu ya joto la jangwani, mpaka Nissan ikalazimika kuongeza dhamana inayohusu uwezo wa betri. Joto letu halifikii la Arizona wakati wa kiangazi, lakini halina majira ya baridi ya kulipumzisha gari. Kwa hiyo ninapolikuta gari limejazwa asilimia 100, limeegeshwa chini ya mabati saa saba mchana, huku wenyewe wamesafiri kwa wiki tatu, nasikitika kwa dhati, kwa kuwa hakuna spana itakayorudisha kilichopotea.

Ninachomwambia kila mteja wa Leaf ni hiki, na simwachi aondoke kabla hajakirudia: kwa matumizi ya kila siku kaa kati ya asilimia 30 na 80. Jaza mpaka 100 usiku wa kuamkia safari ndefu tu. Panga saa ya kuchaji ndani ya gari lenyewe, ili kazi ianze kama saa nane usiku joto likiwa limeshuka na iishe karibu na alfajiri, si saa mbili usiku gari likiwa bado lina moto wa barabarani. Egesha chini ya mwembe, hata kama ndege watalichafua. Na usiliache likiwa tupu kwa siku nyingi, kwa sababu seli huendelea kuvuja polepole, na zikishuka chini ya kiwango fulani gari litakataa kabisa kupokea chaji.

Kuna jambo moja ambalo huwachanganya watu, nalo sitaki lipotee. Magari mapya ya Kichina kama BYD Dolphin na BYD Atto 3 yanatumia betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, maarufu kwa herufi LFP. Aina hiyo huvumilia kujaa kuliko betri ya Leaf, na volti yake hubadilika kidogo mno kati ya chini na juu hivi kwamba kompyuta ya gari hupoteza hesabu ya kilichobaki isipofika 100 mara kwa mara. Mwenye gari la namna hiyo ajaze kabisa mara moja kwa wiki, kama mtengenezaji anavyoagiza. Basi kabla hujachukua ushauri wa jirani, uliza kwanza gari lake lina betri gani. Jirani mwenye Dolphin na jirani mwenye Leaf wanaweza kukupa maelekezo yanayopingana, na kila mmoja akawa anasema kweli kuhusu gari lake.

Baada ya betri, malalamiko ninayoyapokea zaidi ni kwamba "gari limeniibia kilomita." Mnunuzi ameona kwenye tangazo la Japani kwamba Leaf ya kilowati-saa 40 hutembea kilomita 400, naye anapata 220. Hajaibiwa. Namba 400 ilitokana na kipimo cha zamani cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho ni cha upole mno. Gari lilelile, likiwa jipya, Wamarekani kwa kipimo chao walilikadiria kilomita 243. Ichukue ya Wamarekani, toa upungufu wa betri yako, na hapo utakuwa na namba ya kuishi nayo. Wala usidhani ni ndogo. Familia inayotoka Bamburi kwenda mjini, ikapitia shule na kurudi jioni, haizidi kilomita 40 au 50 kwa siku, ambazo ni kama kilowati-saa saba.

Hofu kwamba foleni itamaliza betri nayo ni ya kinyume kabisa na hali ilivyo. Gari la umeme likisimama, mota haili chochote. Kinachokula ni kiyoyozi, na saa nzima kwenye foleni ya kivuko cha Likoni huku kiyoyozi kikifanya kazi itakugharimu kilowati-saa moja au moja na nusu, yaani umbali wa kilomita zisizozidi 10. Mwenye gari la petroli aliye nyuma yako anaunguza mafuta muda wote huo bila kusogea.

"Sharti niweke chaja kubwa nyumbani." Si sharti. Soketi ya kawaida ya ukutani, kwa ampea 10 na volti 240, inatoa kilowati 2.4, na saa tatu au nne zinatosha kurudisha matumizi ya siku niliyoyataja. Sharti ni kwamba soketi hiyo iwe nzima, na hapa ndipo ninapokuwa mkali, kwa kuwa nyumba nyingi za mji huu ziliwekwa nyaya zamani na watu waliotaka kuwasha taa na feni tu. Birika la chai huvuta umeme mwingi kwa dakika tano. Gari huvuta kwa saa tatu, nne au zaidi bila kupumzika. Nina soketi moja hapa mezani niliyoitoa kwa mteja wa Tudor: tundu la waya wa moto limebabuka likawa kahawia, plastiki imejikunja kama ukoko, na waya uliokuwa nyuma yake ni mwembamba wa kulishia taa. Alikuwa amechomekea hapo waya wa kuunganishia, ule wa kukunjwa kwenye gurudumu, bila kuukunjua. Waya uliokunjwa hukusanya joto na unaweza kuwaka moto. Mwite fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya fyuzi, yenye kikata-umeme chake na waya wa ardhini (erthi) unaofanya kazi. Chaja ikikuwashia taa nyekundu na kukataa kuanza, mara nyingi inakuambia kwamba nyumba yako haina erthi inayofanya kazi. Isikilize. Kuna mafundi wanaojua kuidanganya chaja ili ikubali, na hao usiwakaribishe nyumbani kwako.

Kuhusu mvua, jibu ni fupi. Gari la umeme linachajiwa kwenye mvua na kuendeshwa kwenye mvua. Umeme mkubwa hauruhusiwi kupita kwenye plagi mpaka gari na chaja viwe vimehakikishiana kwamba vimeshikana sawasawa. Mafuriko ni habari nyingine, na hapo gari la umeme halina ruhusa ambayo gari la petroli halina: maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri yanaweza kuleta moto hata siku kadhaa baadaye.

Wapo wanaokuja wakiamini kwamba umeme ukikatika watakwama, na mimi huwakumbusha kwamba pampu ya kituo cha petroli nayo huendeshwa kwa umeme, na kwamba betri yenye asilimia 70 ina mizunguko ya siku tatu ya kwenda shule na kurudi. Wapo pia wanaosema kwamba umeme wetu unatoka kwenye mafuta hivyo hakuna kilichobadilika. Hapa Kenya sehemu kubwa sana ya umeme hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana.

Dhana ya kwamba gari la umeme halihitaji huduma ni ya hatari zaidi, kwa kuwa ina nusu ya ukweli. Ni kweli hakuna oili ya injini wala plagi za moto. Lakini breki za gari hili hutumika kidogo, kwa sababu mota yenyewe hulipunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri, na diski zisizosuguliwa kwenye hewa yetu ya chumvi huota kutu na pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, hukwama. Ninazifungua na kuzisafisha kila mwaka, na ninamwomba kila mteja afunge breki kwa nguvu mara chache kwa wiki mahali palipo salama. Tairi huisha mapema kwa sababu ya uzito wa betri. Isitoshe, ndani kuna betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ambayo ndiyo huamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa. Ikifa, gari lenye asilimia 80 halitawaka. Mama mmoja alilivuta gari lake kwa lori kutoka Mtwapa akiamini betri kubwa imekufa. Betri iliyokuwa imekufa ni hiyo ndogo, na tuliibadilisha kwa dakika 15.

Imebaki ile safari ya Nairobi, ambayo kila mtu huniuliza, na hapa sitaki kumpamba mtu. Ni kilomita 480 hivi, na gari linapanda takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kuliinua gari la kilo 1,600 kwa kimo hicho peke yake kunahitaji zaidi ya kilowati-saa saba, mbali na zile za kawaida za barabarani. Sehemu yake utairudishiwa ukiteremka wakati wa kurudi, lakini wakati wa kwenda haikusaidii. Leaf ya kilowati-saa 40 italazimika kuchajiwa njiani angalau mara mbili, na kwa kuwa betri yake haina cha kuipoza, chaji ya haraka ya pili huenda polepole kuliko ya kwanza. Gari jipya lenye betri kubwa inayopozwa kwa maji litakufikisha kwa taabu ndogo zaidi, ukishajua utachajia wapi. Mwalimu wangu wa Kizingo huenda Nairobi mara mbili kwa mwaka kuwaona wanawe, na nimemshauri yeye na mkewe wapande treni ya SGR, gari libaki nyumbani chini ya kivuli, likiwa na asilimia 50, na chaja ikiwa imechomolewa ukutani.